Bowa wa Barabara ya Kasumbalesa kwenye Meza ya Kifahari

Sahani ilikuja na kifuniko cha chuma kinachong'aa, mhudumu akakifunua kwa madaha, na chini yake kulikuwa na uyoga wa kopo. Vipande vyeupe, vyembamba, vyenye utelezi, vimemwagwa juu ya nyama ya ng'ombe iliyochomwa vizuri kabisa. Ilikuwa Januari, mjini Lubumbashi. Asubuhi ya siku hiyo hiyo shemeji yangu na mumewe, waliokuja kutoka Dar es Salaam kuadhimisha ndoa yao, walikuwa wamesimama kando ya barabara ya Kasumbalesa wakishangaa mabeseni ya bowa, kama tunavyouita uyoga huku kwetu: wa rangi ya chungwa, umechumwa alfajiri, bado umeshika majani na udongo wa porini. Jioni wakalipishwa kwa dola uyoga uliovuka bahari ndani ya maji ya chumvi.

Shemeji hakuvumilia. Alimwita mhudumu akamuuliza kwa upole, "Samahani kaka, uyoga huu ni wa hapa?" Kijana hakuficha kitu. "Hapana mama, ni ya kopo. Ya hapa haiko kwenye menyu." Jina la hoteli nitalihifadhi, lakini kinyongo nilikibeba hadi nyumbani. Watu wawili wamesafiri kupitia Nairobi hadi uwanja wa Luano, wameweka akiba kwa ajili ya mlo mmoja wa heshima, halafu wanapewa kitu wanachoweza kukinunua katika duka lolote kubwa la Dar es Salaam. Huo si ukarimu wa Katanga ninaoujua.

Kwa hiyo naeleza hapa namna ya kuupata mlo wa bowa halisi kwenye kitambaa cheupe, huku umevaa nguo zako nzuri. Hatua si nyingi.

Ya kwanza ni msimu. Mvua zetu huanza kama Novemba na kuisha kama Aprili. Uyoga hunoga kuanzia Desemba hadi Februari. Malazi hayahitaji maelezo marefu. Wageni wangu walilala Grand Karavia, pembeni ya uwanja wa gofu, wakaogelea, wakatazama ziwa, wakaridhika. Vyumba vizuri Lubumbashi vipo. Kinachokosekana ni chakula cha hapa kupewa hadhi ileile ya vyumba hivyo.

Na sababu yake ni ya kihistoria. Mji huu, wakati huo ukiitwa Élisabethville, ulianzishwa mwaka 1910, na reli kutoka kusini ikafika mwaka huo huo. Tangu siku zile mji wa shaba umezoea kula vitu vya safari: unga, nyama na makopo kutoka Rhodesia na Afrika Kusini. Hata samaki wa ziwa Mweru walifika mjini kwa biashara, na Wagiriki wa Kasenga walijenga utajiri kwa kuwaleta wakiwa kwenye barafu. Mji ukawa Lubumbashi mwaka 1966, makampuni yakabadili majina, lakini pale kwenye meza ya kifahari bado kuna imani kwamba kitu kizuri lazima kiwe kimevuka mpaka. Leo malori yanayojipanga mpakani Kasumbalesa yanaleta makopo yaleyale, na yanawapita akina mama wa bowa kwa umbali wa hatua chache.

Ukisimama kwa akina mama hao utaona mambo mawili makubwa. La kwanza ni ule uyoga wa rangi ya chungwa na wa manjano, wa jamaa ya Cantharellus. Wafaransa wana ndugu yake, girolle, na katika masoko ya Paris huuzwa kwa bei ya juu. Uyoga huu haulimwi. Unaishi kwa kushikana na mizizi ya miti ya miombo, na unabadilishana nayo chakula chini ya ardhi: mti unatoa sukari, uyoga unatoa maji na madini. Ukikata mti, umekata na uyoga. Japani wana uyoga wao wa msituni, matsutake, ambao nao haujawahi kulimika kwa biashara, na kwa sababu hiyo huwafungia wageni wa heshima kama zawadi. Italia huuza kwa mnada uyoga mweupe wa Alba unaochimbwa ardhini kwa msaada wa mbwa. Huku kwetu kitu cha daraja hilo kinakaa kwenye beseni la plastiki, kinasubiri dereva apunguze mwendo.

La pili ni lile bowa la kichuguu. Wanasayansi Pegler na Piearce walilipa jina Termitomyces titanicus mwaka 1980 kwa vielelezo vya Zambia, ingawa watu wa pande hizi walikuwa wakilila vizazi na vizazi. Kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja, na mtoto akilibeba kichwani wakati wa manyunyu halowi. Mchwa ndio wakulima wake. Wanakusanya majani makavu na vijiti, wanajenga bustani ndani ya kichuguu, kuvu inameng'enya kile ambacho mchwa peke yao hawakiwezi, na mvua zikishanyesha bowa linapasua udongo na kutoka nje. Vichuguu vya Haut-Katanga ni vilima vya kweli, vingine vinapita paa la nyumba, na watu wa Lubumbashi huvichimba kufyatulia matofali.

Sasa hatua ya pili, ambayo ndiyo siri yenyewe, nami niliipata kwa jasho: usiongee na mapokezi, ongea na jikoni.

Nilianza pale mtu yeyote angeanzia. Niliingia hoteli nyingine katikati ya mji, ndogo kuliko ile ya kopo, nikamweleza bwana wa mapokezi kwamba kesho yake nitaleta bowa wangu, wapikiwe wageni wangu, na nitalipa kama sahani ya kawaida. Alinisikiliza huku akitazama kompyuta. Akasema haiwezekani. Nikamwomba anionyeshe mkuu wake. Mkuu wake akaja na tai na tabasamu, akasema vyakula vyote vinatoka kwa wauzaji waliosajiliwa. Nikamuuliza kama kati yao kuna hata mmoja anayeleta bowa. Akasema wateja wa hoteli hawaombi vitu vya namna hiyo. Na mimi nimesimama mbele yake, naomba.

Nikatoka, nikazunguka nyuma ya jengo, kwenye mlango wanakoingizia mkaa na makreti. Ilikuwa kama saa kumi alasiri. Saa ile ndiyo dhahabu: chakula cha mchana kimekwisha, cha jioni hakijaanza, wapishi wamekaa wanapumzisha miguu. Mpishi mkuu alikuwa ameketi juu ya kreti la bia, kofia yake nyeupe gotini. Nikamsalimia, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Bowa gani, yaya? Ile ya machungwa ao ile kubwa ya kichuguu?"

Hapo nikajua nimefika.

Alikuwa mzaliwa wa Kamalondo, hapa hapa mjini, na mama yake alikuwa akiuza bowa. Amepika miaka mingi katika hoteli za watu wengine, amejifunza michuzi yote ya Ulaya, na hakuna mteja aliyewahi kumwomba apike kile alichokulia. Masharti yake yalikuwa ya fundi. Bowa wafike kabla ya saa nne asubuhi. Waje kwenye kikapu, kamwe si kwenye mfuko wa nailoni, maana ndani ya nailoni wanatoa jasho na kuoza kabla ya adhuhuri. Wasioshwe, atawaosha mwenyewe muda mfupi kabla ya kupika. Kila aina iwe kwenye kifurushi chake. Na wowote atakaowatilia shaka atawatupa, bila mjadala. Kuhusu ruhusa, alisema atazungumza na wakubwa wake yeye mwenyewe. Alizungumza nao, na jibu likawa ndiyo. Kumbe mpishi akisema "nataka kupika hiki", meneja anasikia kitu kingine kabisa kuliko mteja akisema "nataka kula hiki".

Hatua ya tatu ni kununua. Asubuhi nilirudi barabara ya Kasumbalesa na shemeji. Mama tuliyesimama kwake alikuwa na kitenge kilicholowa hadi magotini, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya udongo mwekundu mpaka kwenye kucha. Alichukua bowa mmoja, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mikunjo ya chini ya kofia, inayoshuka hadi kwenye shina bila kukatika. Akaukata shina kwa kucha, akatuonyesha ndani: mweupe, mkavu, bila tundu la mdudu hata moja. "Hii ya leo, mama," alimwambia shemeji. "Ya jana tunaanika." Shemeji akataka kupunguziwa bei, kwa mazoea ya Kariakoo. Nilimshika mkono. Mama yule ameamka usiku, ametembea msituni kwenye umande, na beseni zima lilikuwa na bei ndogo kuliko soda mbili za hotelini. Tulilipa alichosema, naye akatuongezea mwingine wa juu kwa hiari yake.

Kununua kwa watu wanaojua si suala la adabu tu. Msitu wa miombo una uyoga unaoua. Jamaa ya Amanita, kwa mfano, ina aina tamu zinazouzwa hapa kila mwaka, na ina ndugu zake ambao huharibu ini la mtu. Mgeni asichume mwenyewe hata kidogo. Anunue aina ambazo muuzaji anazitaja kwa jina na anazila nyumbani kwake, asinunue fungu lililochanganywa, na apikishe uyoga wake hadi uive kabisa. Anayetaka kusoma zaidi akitafute kitabu cha mwaka 2017 cha André De Kesel, Bill Kasongo na Jérôme Degreef kuhusu uyoga unaolika wa Haut-Katanga. Kimeandikwa kwa Kifaransa, kina picha nzuri, na kwa maoni yangu kingestahili kukaa kwenye kila jiko la hoteli mjini.

Kuhusu upishi wenyewe sina mengi, maana nilitolewa jikoni. Nilichokiona kabla ya kutolewa ni hiki: bowa wa rangi ya chungwa waliingia kwenye kikaango kikavu, bila tone la mafuta. Wakatoa maji yao, maji yakachemka mpaka yakaisha, sauti ikabadilika kutoka kuchemka kwenda kukaangika, ndipo mpishi akaweka mafuta, kitunguu na chumvi. Ukiweka mafuta mapema, alisema, unachemsha supu.

Jioni ile shemeji na mumewe walikaa kwenye meza ya dirishani, glasi zimepangwa, kitambaa kimepigwa pasi. Kwanza wakaletewa bowa wa kikaangoni peke yake, kwenye sahani ndogo, ili wapate harufu yake. Kisha likaja lile la kichuguu. Mpishi alikuwa amelipaka mafuta na pilipili kidogo, akalichoma uani juu ya mbabula, jiko letu la mkaa, na alilikata mezani kwa kisu cha nyama. Lilikuwa na utamu wa nyama na ulaini wa ini la kuku. Mwisho wakaja bowa waliopikwa kwa unga wa karanga, na bukari, yaani ugali, nyeupe iliyoumbwa vizuri. Mume wa shemeji, aliyevaa koti na tai, alisukuma uma pembeni, akaomba maji ya kunawa. Meza ya jirani, ya wafanyabiashara wa madini, iliuliza kama sahani ile iko kwenye menyu. Mhudumu akawaitia mpishi, na mpishi akatoka na kofia yake kichwani kueleza mwenyewe.

Jambo moja linanitia hofu. Akina mama wa barabarani wanasema kila mwaka wanatembea mbali zaidi. Jiji linapikia makala, yaani mkaa, kwa sababu umeme hautoshi, na makala yanatokana na miti ileile ya miombo inayoshikana mizizi na bowa. Upande wa kaskazini mashariki, hifadhi binafsi ya Mikembo inalinda kipande cha msitu huo, na watafiti wameupima uyoga wake humo. Hoteli zikianza kununua bowa kwa bei ya haki, mti uliosimama utakuwa na thamani kwa familia ya kijijini, na si gunia la makala pekee. Wenye hoteli wakiniuliza, hilo ndilo nitawaambia kwanza.

Kwa wanaokuja kiangazi, mambo ni magumu kidogo. Treni ya kifahari ya Rovos Rail, kampuni iliyoanzishwa na Rohan Vos huko Afrika Kusini mwaka 1989, ilipita Lubumbashi Julai 2019 katika safari yake ya kwanza kutoka Dar es Salaam hadi Lobito, Angola. Abiria wake walipita wakati msitu umekauka. Mgeni wa Julai anaweza kwenda soko la Kenya, hapa hapa mjini, akatafute bowa wakavu. Achague waliokauka kwa jua, si waliobanikwa juu ya moshi, awapeleke jikoni siku moja kabla ili waloweke usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, na amwambie mpishi asiyamwage maji hayo, ila ayachuje mchanga na kuyatumia kwenye mchuzi wa karanga. Lile la kichuguu asilitafute: linataka kuliwa siku lilipotoka ardhini, na kwa hilo itabidi akate tiketi ya Januari.