Nani hulinda takwimu za majeraha ya michezo?

Swali: Nchi ikikusanya pamoja taarifa za majeraha ya wanamichezo, nani huamua zitumiweje?

Jibu: Australia ni mfano mzuri. Huko rekodi za wanaolazwa hospitalini kwa majeraha ya michezo huchambuliwa na Taasisi ya Afya na Ustawi, chombo cha umma kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1987. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinakataza kufichua habari za mtu, na anayekiuka anaweza kufungwa.

Taasisi ina kamati ya maadili inayopima maombi ya kutumia data. Ndani yake wamo mwanasheria, watafiti wa afya na jamii, mtu wa huduma ya kiroho, na mwanamume na mwanamke wanaowakilisha wananchi wa kawaida. Hao wawili wa mwisho wana uzito mkubwa, kwa kuwa mtaalamu aliyezama katika takwimu husahau upesi kwamba kila safu ni mwili wa mtu.

Kufuta jina hakutoshi. Golikipa wa kike wa mji mdogo aliyechanika kano ya goti hutambulika kwa umri, mchezo na mahali tu. Ndiyo maana idadi ndogo hufichwa kwenye majedwali.

Ugumu zaidi uko kwa klabu na mashirikisho. Taarifa ya jeraha inaweza kumpotezea mchezaji mkataba, hivyo kamati ya namna hii inapaswa kuwasikiliza viongozi wa michezo bila kuwapa kura ya turufu, na wachezaji wenyewe wawe na kiti.