Chozi la Mtazamaji: Somo Juu ya Mchezo wa Kithai Uitwao Khu Kam

Ndugu msomaji, katika zama zetu hizi michezo ya televisheni ya nchi za mbali imeingia majumbani mwetu, na hata mifukoni, kwani simu moja yatosha kumwonyesha mtu wa Lamu au wa Tanga mambo ya Bangkok. Miongoni mwa michezo hiyo imo ya Thailand, nchi ambayo zamani ikiitwa Siam, nayo ni mashuhuri kwa kuwaliza watu. Waume wengi wakiwakuta wake zao au dada zao wakifuta machozi mbele ya televisheni huwacheka, wakasema, "Hayo ni mambo ya uongo, mwalilia nini?" Basi tumeona yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu: chozi hilo latoka wapi, lina maana gani, na ni lipi limpasalo mwenye kulia baada ya kulitoa.

MICHEZO YENYEWE

Wathai huuita mchezo wa namna hii lakhon, na neno hilo lilitumika kwa michezo iliyochezwa mbele ya watu kabla ya kuwako televisheni, ambayo ilianza kwao mwaka 1955. Kila mchezo una mwanzo wake na mwisho wake: huonyeshwa usiku kwa majuma kadhaa, kisha ukakoma, wala hauendelei miaka na miaka kama baadhi ya michezo ya Marekani. Watu wake hutambulikana upesi: yuko mume apendwaye, yuko mwanamke mwema, na yuko mwanamke mwovu mwenye wivu na makelele. Muziki hupandishwa pale moyo unapotakiwa ushituke, na uso wa mchezaji huletwa karibu hata chozi likaonekana likitelemka shavuni. Hayo yote ni kazi ya mafundi, na mwenye kutazama na ajue ya kuwa analizwa kwa makusudi, kama vile ajuavyo asikilizaye taarabu kuwa udi na fidla zimewekwa pale ili zimguse moyo.

KISA CHA KHU KAM

Katika visa vya mapenzi vya Kithai, kimoja kijulikanacho sana ni Khu Kam. Mtungaji wake ni mwanamke aliyejulikana kwa jina la Thommayanti, aliyefariki mwaka 2021. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969, na tangu hapo kisa kimechezwa mara nyingi katika televisheni na katika sinema. Mchezo wa mwaka 1990, ambao ndani yake mwimbaji Thongchai McIntyre alikuwa ndiye Kobori, ulipendwa mno. Na mwaka 2013 kikachezwa tena. Maana ya jina ni kama kusema wawili waliofungwa pamoja na matendo yao. Hiyo ni itikadi ya Kibudha, ambayo ndiyo dini ya Wathai walio wengi. Sisi hatuamini hivyo, lakini mwenye kutaka kufahamu kisa cha watu hana budi kujua wao wanaamini nini.

Kisa chenyewe ni cha wakati wa Vita Kuu vya Pili. Tarehe 8 Desemba 1941 majeshi ya Japani yaliingia Thailand, na baadaye serikali ikafungamana nao. Lakini walikuwako Wathai waliofanya kazi kwa siri kuwapinga. Katika Bangkok, kando ya maji upande wa Thonburi, akaa msichana Angsumalin pamoja na mama yake na bibi yake. Rafiki yake wa utotoni, Vanus, amekwenda Uingereza kusoma, na kabla ya kuondoka alimwomba amngojee, naye atampa jawabu atakaporudi. Ndipo atokeapo Kobori, ofisa wa jeshi la bahari la Japani, mwenye kazi katika kiwanda cha merikebu karibu na nyumba yao. Ampenda msichana yule, akawa na adabu kwa wazee wake. Na kwa sababu za siasa wakaozwa.

Hapo ndipo penye fundo. Angsumalin amefungwa na mawili: ahadi yake kwa Vanus, na chuki yake kwa walioikalia nchi yake. Wala kisa hakimfanyi Kobori kuwa malaika, kwani yamo matendo yake yasiyosifika. Lakini siku hata siku moyo wa mwanamke wageuka, naye aficha. Ampenda mumewe, na kinywa chake husema kinyume. Mwisho ndege za maadui wa Japani zaiangushia mabomu stesheni ya reli ya Bangkok Noi, na Kobori yumo. Angsumalin akimbilia katika moshi na vifusi, amkuta mumewe yu katika kukata roho, na hapo tu ndipo amwambiapo ya kuwa ampenda. Neno lililostahili kusemwa katika miezi mingi ya ndoa lasemwa katika dakika ya mwisho.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Mtazamaji ajua kuwa mambo haya ni ya kutungwa, na tena ajua mwisho wake. Mbona alia?

Jawabu: Tangu mwaka 1969 wasomaji wamejua ya kuwa Kobori hufa, na kila kisa kilipochezwa upya watu walilia upya. Basi si khabari ya kifo iwalizayo. Mtazamaji ajua mambo mawili ambayo watu wa kisa hawayajui pamoja: ajua kilichomo moyoni mwa Angsumalin, na ajua kuwa siku zimebaki chache. Atamani amwambie, "Sema sasa!" wala hawezi. Chozi latoka katika kule kutoweza. Nalo si la uongo, kwani kila mtu mzima ana neno lake aliloliweka hata mwenye kuambiwa akaondoka. Kisa ni cha Angsumalin, lakini majonzi ni ya mwenyewe mtazamaji.

Suali: Je, kulia si aibu kwa mwanamume?

Jawabu: Mwenye kusema hivyo na amkumbuke Nabii Yaakub, aliyemlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe. Tena na wajitazame waume wenyewe: mpira ukichezwa Ulaya, na timu waipendayo ikafungwa katika dakika ya mwisho, wako wasioweza kula chakula cha usiku. Nao hawana jamaa katika timu ile. Basi asimcheke mkewe aliaye kwa Kobori yule ambaye jana alinyamaa nyumba nzima kwa ajili ya mpira.

Suali: Je, kila kilizacho ni chema?

Jawabu: La. Wako watungaji wa Kithai wapendao kisa cha kofi na busu, ambacho ndani yake mume humdhulumu mwanamke, kisha dhuluma ikaitwa mapenzi. Katika mchezo wa Sawan Biang, ulioonyeshwa mwaka 2008, mume amwingilia mwanamke kwa nguvu kwa ajili ya kulipiza kisasi, na mwisho wa kisa wawili hao wapendana. Muziki ni ule ule, na machozi ni yale yale, lakini funzo ni baya. Wathai wenyewe wamelipinga jambo hili, na mwaka 2014 watu walikusanya sahihi kutaka michezo iache kuipamba jinai hiyo. Basi chozi si mizani ya haki. Mwenye kutazama na aulize: je, huyu ambaye kisa chataka nimpende, ningekubali amwoe binti yangu?

CHOZI NI DENI

Sasa twafika kwenye makusudio yetu. Kumlilia mtu wa kwenye televisheni hakumgharimu mtu kitu. Kobori hahitaji chakula chetu wala subira yetu, na mchezo ukiisha hutuomba lolote. Kwa hivyo moyo waweza kudanganyika ukajiona una huruma nyingi, ilhali huruma yote imemalizwa kwa watu wasiokuwako, na waliokuwako hawakupata hata tone. Yuko mume ambaye miaka thalathini amekula chakula cha mkewe asiseme siku moja, "Ahsante, mke wangu." Yuko mwingine aliye Maskati au Dubai, kila mwezi hutuma fedha bila kukosa, naye ni mwenye kusifika kwa hilo, lakini simu yake ni ya hesabu tu, ada ya shule na bei ya unga, hana neno la moyo. Ukimwuliza kama ampenda mkewe, atashangaa kuulizwa. Basi amemwambia lini?

Watu wetu wana desturi ya kusema mema matangani. Husikika kila upande, "Alikuwa mtu mwema, alikuwa mpole." Ni maneno ya kweli, lakini aliyestahili kuyasikia amekwisha kufukiwa. Angsumalin alibahatika kupata dakika moja katika moshi; wengi hawapati hata hiyo.

Basi, ndugu msomaji, ukimkuta mkeo au mama yako akitazama mchezo wa namna hii, usimcheke wala usimzimie. Kaa naye, muulize kisa chaendaje, na kipi kimemliza; huenda katika jawabu lake ukasikia jambo ambalo hakupata kukuambia. Palipo na dhuluma iliyovishwa nguo ya mapenzi, sema wazi mbele ya watoto kuwa hiyo ni dhuluma. Na chozi likikutoka wewe mwenyewe, lihesabu kuwa ni deni, ulilipe kabla hujalala kwa mtu aliye hai: neno jema kwa mkeo, radhi kwa nduguyo mliyekosana, simu kwa mzazi aliye mbali. Mchezo waweza kuchezwa tena baada ya miaka ishirini, na Kobori akafufuka akafa tena. Watu wa nyumbani mwako hawachezwi mara ya pili.

Wasalaam.