SOMO LA 14: Kuchagua Mashini ya Kufulia Nguo Itakayodumu

Usafi wa nguo huzuia magonjwa mengi ya ngozi, lakini kufua ni kazi nzito. Mama mwenye watoto 6 huinama juu ya beseni saa nyingi kila juma. Mgongo humwuma, mikono hupasuka kwa sabuni, na mara nyingi msichana mkubwa hukosa masomo ili amsaidie. Kwa hiyo jamaa nyingi za mjini zinaweka akiba kusudi zinunue mashini ya kufulia. Hilo ni shauri jema. Lakini feza hiyo ingeweza kulipa shule au matunzo ya mgonjwa. Mashini ikifa baada ya miezi 6, jamaa imepata hasara mbili: feza imekwisha, na mama amerudi kwenye beseni.

Somo hili linafundisha neno moja kubwa: mashini nzuri kwenu ni ile inayopatana na maji yenu, umeme wenu na fundi wenu. Taa nyingi na rangi ya kupendeza hazifui nguo.

1. ANZENI NYUMBANI, SI DUKANI

Kabla ya kuuliza bei, baba na mama wakae pamoja wajibu maswali manne haya:

(a) Je, maji yanatoka katika robine ya nyumba yetu kila siku, au tunachota kwa bidoni?
(b) Je, umeme unakuja saa ngapi, nao ni wa nguvu au taa zinafifia jioni?
(c) Je, kila juma tunafua nguo kilo ngapi?
(d) Je, katika mji wetu kuna fundi anayejua kutengeneza mashini hizi?

Katika miji kama Bukavu, Butembo na Lubumbashi, nyumba mbili za njia moja zaweza kuwa na majibu mbalimbali. Basi msinunue mashini kwa sababu jirani ameinunua.

2. AINA TATU ZA MASHINI

Aina ya kwanza ina mapipa mawili: moja la kufulia, na moja dogo la kukamulia maji. Wewe mwenyewe unamimina maji, unahamisha nguo kwa mikono, na unageuza vifungo. Haihitaji robine, bidoni na ndoo zinatosha. Kwa kawaida haina chombo cha kupasha maji moto, kwa hiyo inakula umeme kidogo. Tena maji yenye sabuni yaweza kutumiwa mara mbili au tatu: kwanza nguo nyeupe, halafu za rangi, mwisho nguo za shamba. Maji ya kusuuza lazima yawe safi kila mara.

Aina ya pili ina mlango mbele. Inafanya kazi yote yenyewe, na inatumia maji machache: mashini ya kilo 7 hutumia lita 50 hivi kwa kufua mara moja, ni kama bidoni mbili na nusu. Lakini maji lazima yaingie kwa nguvu kutoka robine. Pipa lililowekwa juu ya mabati laweza kukosa nguvu, kwa maana mashini nyingi zinataka maji yashuke kutoka kimo cha mita 5 au zaidi. Someni kitabu chake. Tena maji yakikatika katikati ya kazi, nguo zinabaki ndani na sabuni yake.

Aina ya tatu ina mlango juu, nayo pia inafanya kazi yenyewe. Ni rahisi kuitumia, lakini hutumia maji mengi kuliko aina ya pili. Mara nyingi yanapita lita 100.

Basi, nyumba inayochota maji ichague mapipa mawili. Nyumba yenye maji na umeme kila siku yaweza kufikiri aina ya pili. Kama hamna maji karibu wala umeme, msione haya kubaki na beseni nzuri, meza ya kuiwekea ili mama asiiname, na kamba ya kuanikia. Hiyo pia ni afya.

3. PIMENI NGUO ZENU

Namba ya kilo iliyoandikwa juu ya mashini ni uzito wa nguo kavu. Fungeni nguo chafu za juma moja katika shuka, mzipime kwa mizani ya sokoni. Mkipata kilo 20, mashini ya kilo 7 itafua yote kwa mara tatu. Hakuna haja ya kulipa zaidi kwa mashini ya kilo 12. Kwa mashini ya mapipa mawili, tazameni namba mbili: pipa la kukamulia mara nyingi linabeba kilo chache kuliko lile la kufulia.

Msijaze pipa mpaka juu. Nguo zisipopata nafasi ya kugeuka hazitakati, na mota inachoka. Mashini nyingi zinakufa kwa kushibishwa kupita kipimo.

4. JUENI UMEME WENU

Katika Congo vyombo vya nyumbani hutumia volti 220 na mzunguko wa 50. Maneno haya yameandikwa juu ya kibao kidogo nyuma ya mashini. Mashini iliyotengenezwa kwa Marekani yaweza kuwa ya volti 120 na mzunguko wa 60. Ikichomekwa katika umeme wetu itaungua.

Mashini ya mapipa mawili hutumia wati 300 hadi 500 hivi. Mashini inayopasha maji hutumia wati 2000 hivi wakati wa kupasha. Jenereta ndogo au umeme mdogo wa jua hauiwezi. Kama umeme wenu hupanda na kushuka, nunueni pia kifaa cha kusawazisha umeme, chenye kubeba wati kupita zile za mashini. Umeme usiotulia huunguza kadi ya ndani inayoongoza kazi yote, na kadi hiyo ni kitu cha bei kali. Mashini yenye vifungo vya kugeuza kwa mkono haina mambo mengi ya kuungua.

5. ALAMA ZA MASHINI ITAKAYODUMU

Kwanza, nendeni kwa fundi mbele ya kwenda kwa mwuzaji. Mwulizeni: “Ni mashini zipi zinazoletwa kwako mara nyingi? Ni zipi unazoweza kupata vipuri vyake?” Mwuzaji husifu mali yake, lakini fundi ameona vilivyovunjika.

Pili, tafuteni jina la mashini ambalo vipuri vyake vinauzwa mjini mwenu: mkanda wa mota, pampu ya kutoa maji, mpira wa mlango. Mashini bora isiyo na vipuri ni sanduku tu.

Tatu, chungulieni pipa la ndani. Chuma kisichoshika kutu hudumu. Ligeuzeni kwa mkono: ligeuke taratibu, pasipo kukwaruza wala kuyumba.

Nne, mashini zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zina karatasi yenye herufi. Tangu Machi 2021 herufi hizo ni A mpaka G. A ndiyo inayokula umeme kidogo kabisa. Karatasi hiyo inaonyesha pia lita za maji na kilo za nguo. Lakini kumbukeni: herufi A haisemi kwamba mashini itadumu.

6. HESABUNI FEZA YOTE

Bei ya dukani si gharama yote. Ongezeni feza ya kuchukua mzigo, kifaa cha kusawazisha umeme, mipira ya maji, fundi wa kuiweka, sabuni na umeme wa kila mwezi. Wekeni kando feza kidogo kwa matengenezo.

Halafu gawanyeni kwa miezi. Huu ni mfano tu. Tuseme mashini ya kwanza ni dola 150, nayo inadumu miaka 2, ndiyo miezi 24. Mmelipa zaidi ya dola 6 kila mwezi. Mashini ya pili ni dola 300, na matengenezo yake dola 60, lakini inadumu miaka 8, ndiyo miezi 96. Mmelipa chini ya dola 4 kila mwezi. Ndiyo maana wazee walisema, rahisi ni ghali. Lakini msikope feza ya chakula ili mpate ile ya dola 300. Ni heri kungoja miezi michache na kuongeza akiba.

7. SIKU YA KUNUNUA

Ombeni ichomekwe na kuzungushwa mbele ya macho yenu kabla ya kulipa. Kama ni ya mlango wa mbele, ina vyuma vinavyofunga pipa wakati wa safari. Anayeionyesha avitoe kwanza, halafu avirudishe kwa safari ya nyumbani. Mkiisha kuiweka mahali pake, vitoeni tena. Asiyevitoa ataiona mashini inaruka-ruka na kuvunjika siku ya kwanza. Viwekeni akiba kwa siku ya kuhama.

Ombeni risiti yenye namba ya mashini, na garanti iliyoandikwa. Ulizeni: Ni miezi mingapi? Ni mota tu au vyote? Nani atamlipa fundi? Garanti ya miaka 10 mara nyingi ni ya mota peke yake.

8. MASHINI HAIONDOI MAGONJWA YOTE

Maji ya baridi huondoa uchafu, lakini hayaui wadudu wa upele. Mtu wa nyumba akiwa na upele, nguo na shuka zake zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 50 au zaidi, kwa muda wa dakika 10 au zaidi. Nguo isiyoweza kuvumilia moto ifungwe katika mfuko wa plastiki siku 3 au zaidi. Na watu wote wa nyumba wapate dawa siku moja.

Tena kuna inzi anayetaga mayai juu ya nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au juu ya majani. Funza wake huingia katika ngozi na kufanya jipu. Mashini haiwezi kuzuia jambo hili, kwa maana inzi huja wakati wa kuanika. Anikeni juani, juu ya kamba, na pigeni pasi ya moto pande zote mbili, hata penye mishono. Msisahau nguo za mtoto mchanga.

9. JILINDENI

Msiguse mashini kwa mikono yenye maji wala miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji. Fundi aweke waya wa kupeleka umeme udongoni. Msitie mkono katika pipa la kukamulia mpaka lisimame kabisa. Kitenge au mkono wa nguo waweza kunaswa. Ichomoeni baada ya kazi. Mlango wa mbele uachwe wazi kidogo ili ndani pakauke, lakini watoto wadogo wasicheze karibu nao, maana mtoto aweza kuingia na kufungiwa.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Ni maswali gani manne ya kujibu nyumbani kabla ya kwenda dukani?
2. Nyumba inayochota maji kwa bidoni ifae kuchagua aina gani? Kwa nini?
3. Kwa nini tunamwuliza fundi kabla ya mwuzaji?
4. Mashini ya dola 200 inadumu miaka 5, pasipo matengenezo. Ni dola ngapi kila mwezi?
5. Nguo za mgonjwa wa upele zifuliwe namna gani?
6. Kwa nini tunapiga pasi hata kama nguo zimefuliwa kwa mashini?