Rafiki amefariki, jamaa zake wanadai



Ndugu Muislamu wa Katoyi, rafiki yako amefariki. Matanga hayajaisha, kaka mkubwa wa marehemu anakuita pembeni: "Pesa ya ndugu yetu iko kwako, ilete." Na kweli iko. Mlifanya biashara ya maharagwe pamoja, na fungu lake, dolari 2,400, liko mikononi mwako. Au shida ni kinyume: mlinunua parseli wawili, karatasi ina jina lake peke yake, na sasa jamaa wanasema huna kitu. Utafanya nini?

Jua kwanza kwamba urafiki haurithishi. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwaunga undugu Muhajirina na Ansari, na mwanzoni walirithiana. Saad bin Rabii aliungwa na Abdurrahman bin Auf, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Baadaye aya ya mwisho ya Suratul-Anfal ikarudisha mirathi kwa jamaa wa damu. Basi usidai fungu kwa kuwa mlipendana. Dai deni lako, au hisa yako, au wasia aliokuachia, nao hauzidi theluthi.

Saad huyo aliuawa Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Aliacha mjane, mabinti wawili na ndugu. Ndugu akachukua mali yote (hapa Goma tumeyaona haya mara ngapi?). Mjane akaenda na mabinti zake kumshtakia Mtume, ikateremka aya ya mirathi katika Suratun-Nisaa. Ndugu akaamriwa awape mabinti theluthi mbili na mama yao thumuni, kinachobaki achukue yeye. Kama rafiki yako ameacha watu kama hao, na madeni yamekwisha lipwa, basi katika zile 2,400 kila binti ana 800, mjane 300, kaka 500. Ukimpa kaka zote ili akuondokee, hujarudisha amana. Waite wote, mjane naye awepo, utoe mbele ya imamu na mashahidi wawili, na kila mmoja atie saini alichopokea.

Ama parseli, nusu yako si mali ya marehemu, haiingii katika mirathi kabisa. Lakini mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Mtafute aliyewauzia, na majirani wa mipaka. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, katika mali shahidi mmoja pamoja na kiapo chako vyatosha. Ukikosa hata mmoja, warithi wataapa kwamba hawaijui haki hiyo, na hapo dai litakwama. Nanyi warithi, msimwite mtu mwongo kwa kukosa karatasi tu: ngapi ziliungua lava iliposhuka mjini Januari 2002?

Tena mkumbuke kuwa tribinali ina hesabu yake. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, huwapa watoto robo tatu, wa kiume na wa kike sawasawa. Robo ni ya mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Asiyeridhika aweza kwenda huko, ndiyo maana mapatano yenu yaandikwe.

Na mjane akikuambia, "Chukua tu, baba, yaishe," fungu lake aweza kulisamehe. La watoto wadogo hawezi.