Je, Gari la Nani Huharibika Kwanza? Somo la Takwimu kutoka Karakana

Hapana shaka kila msomaji amepata kuyasikia mabishano kuhusu magari: kwamba la Mjapani halifi, la Mjerumani ni chuma kitupu, la Mmarekani hula mafuta, na la Mkorea ni la kujaribia bahati. Nami niliyasikia tena hivi karibuni, lakini safari hii hayakuwa mabishano ya barazani. Bodi ya shule moja ya sekondari ya bweni ilikuwa imekusanya michango ya wazazi kwa miaka minne ili inunue gari dogo la abiria. Hospitali ya wilaya iko umbali wa kilomita 41, na nusu ya barabara hiyo ni ya changarawe. Mwanafunzi akizidiwa usiku hupakiwa kwenye pikipiki. Fedha zilizopatikana zilitosha gari moja tu, tena lililokwisha tumika, na wajumbe waliniita kwa kuwa chuoni nafundisha somo la kuaminika kwa mitambo.

Mzee mweka hazina alikuwa mtetezi wa magari ya Ulaya. Alikumbusha kuwa Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, na tena mwaka 1968, na kwamba katika kila moja ya miaka hiyo miwili ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Dereva wa shule alimjibu kwa heshima: "Shikamoo mzee, lakini hesabu magari yanayopita hapa barabarani. Toyota, Toyota, Toyota. Watu hawa wote wamekosea?" Mwalimu wa fizikia akadakia kwamba yeye amehesabu magari yaliyolala gereji, nayo ni hayo hayo Toyota. Kisha wote wakanigeukia. "Daktari, tuambie wewe uliyesoma huko yanakotengenezwa."

Ushahidi wote uliotolewa katika kikao kile ulikuwa wa kweli. Hata hivyo haukuthibitisha lolote, na sababu yake ndiyo somo letu.

Hebu tuanze na dereva na mwalimu wa fizikia. Ukweli mmoja, yaani kwamba magari ya aina fulani ni mengi nchini, uliwafikisha kwenye majibu mawili yanayopingana. Aina iliyo nyingi barabarani lazima iwe nyingi gereji pia, hata kama ni imara kuliko zote. Mwalimu alihesabu walio wagonjwa bila kuhesabu walio hai. Kinachotakiwa ni uwiano: hitilafu ngapi kwa kila magari 100, katika muda uliotajwa. Mzee naye alikosea kwa njia nyingine. Mashindano ya mwaka mmoja ni sampuli ndogo, magari yake huandaliwa na mafundi hodari, na madereva wake si sisi. Aidha, Peugeot kuukuu tunazoziona leo zikitembea ni zile zilizosalimika. Zilizokufa zamani hazipiti barabarani zikatoa ushahidi wao.

Mimi mwenyewe niliwahi kunaswa na mtego huu. Nilipokuwa mwanafunzi Ujerumani nilinunua gari kuukuu ambalo lilikataliwa mara mbili katika ukaguzi wa lazima, kwanza kwa beringi ya gurudumu, kisha kwa kutu. Kwa muda mrefu niliwaonya rafiki zangu wasiguse magari ya kampuni ile. Jina lake silitaji hapa, kwani gari moja si takwimu.

Sasa yatupasa tueleze maana ya neno lenyewe. Kuaminika kwa chombo ni uwezekano kwamba kitafanya kazi yake bila hitilafu, kwa muda uliotajwa, katika mazingira yaliyotajwa. Muda na mazingira yasipotajwa, neno hilo linabaki tupu. Chukua mtambo wenye sehemu 100, ambao husimama sehemu yoyote moja ikiharibika, na kuharibika kwa sehemu moja hakutegemei nyingine. Ikiwa kila sehemu ina uwezekano wa 0.99 wa kumaliza mwaka salama, watu wengi watasema hiyo ni kazi nzuri. Lakini uwezekano wa mtambo mzima ni 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 100, yaani takriban 0.37. Karibu mitambo miwili kati ya mitatu itakwama kabla ya mwaka kwisha! Ukiipandisha kila sehemu hadi 0.999, mtambo mzima unafika 0.90. Kumbe tofauti ambayo jicho haliioni katika kipande kimoja ndiyo inayoamua kama utafika hospitali.

Kuhusu muda, mafundi wa takwimu huchora mchoro wenye umbo la beseni. Mwanzoni hitilafu ni nyingi, kwa sababu ya kasoro za kiwandani. Kisha hushuka na kukaa chini kwa miaka kadhaa, zikitokea kwa nasibu. Mwishoni hupanda tena kwa sababu ya kuchakaa. Mhandisi wa Uswidi, Waloddi Weibull, alitoa mwaka 1951 kanuni ya hesabu ambayo hutumika mpaka leo kueleza sehemu zote tatu za mchoro huo. Msomaji aukumbuke ukingo wa kulia wa beseni. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari dogo lililozidi umri wa miaka minane, na magari mengi yaliyokwisha tumika huingia Afrika Mashariki yakiwa yameukaribia umri huo au kuupita. Kwa hiyo sisi hununua gari pale ambapo mchoro unaanza kupanda.

Jambo hili linazipunguzia thamani orodha nyingi zinazonukuliwa hapa kwetu. Kampuni ya Marekani iitwayo J.D. Power huwauliza wenye magari mapya juu ya hitilafu za siku 90 za mwanzo, na katika uchunguzi wake mwingine huwauliza wenye magari ya miaka mitatu. Isitoshe, redio iliyo ngumu kuitumia huhesabiwa kuwa tatizo moja, sawasawa na giaboksi iliyokufa. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kimekuwa kikitoa tangu mwaka 1978 takwimu za magari yaliyokwama njiani na kuokolewa na mafundi wake. Mashirika ya ukaguzi ya TÜV, nayo huandika kasoro zilizoonekana gari lilipoletwa kukaguliwa: taa, breki, kutu. Hayo ni maswali tofauti kabisa, na gari linaweza kushinda katika moja likashindwa katika lingine bila mtu yeyote kusema uongo.

Baada ya tahadhari hizo zote, je, tofauti baina ya watengenezaji zilikuwapo kweli? Naam, zilikuwapo, tena kubwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 magari ya Japani yaliyouzwa Marekani yalikuwa na hitilafu chache mno kuliko yale ya wenyeji. Wengine walisema ni tabia ya Wajapani, wengine wakasema ni mashine mpya. Jibu bora zaidi nililolisoma limo katika kisa cha giaboksi moja.

Mwaka 1979 kampuni ya Ford ilinunua takriban robo ya hisa za Mazda. Ikatokea kwamba giaboksi ya otomatiki ya aina moja, kwa michoro ile ile, ikawa inatengenezwa na Ford huko Batavia, Ohio, na vilevile na Mazda huko Japani. Haukupita muda mrefu, ikaonekana kuwa zile za Ford zilirudishwa kwa matengenezo ya dhamana mara nyingi zaidi. Wahandisi wa Ford wakachukua sampuli za pande zote mbili, wakazifungua na kupima kila kipande. Vipande vya Ford vyote vilikuwa ndani ya mipaka iliyoruhusiwa. Hakuna aliyevunja kanuni. Vile vya Mazda vilikuwa vimefanana mno, vikisongamana karibu na kipimo cha katikati, hata inasimuliwa kwamba mpimaji alidhani chombo chake kimeharibika kwa kuwa mshale haukucheza.

Kwa nini kufanana kuwe na faida, ikiwa vyote vimo ndani ya mipaka? Tufanye hesabu, kwa tarakimu zangu mwenyewe. Tuseme vipande vinne hupangwa kwa mstari, na kila kimoja kinaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa milimita 0.03. Jumla ya vyote vinne ikizidi au kupungua kwa zaidi ya milimita 0.04, beringi itabanwa au italegea. Kiwanda cha kwanza kina mtawanyiko ambao mchepuko wake sanifu ni milimita 0.010, cha pili, milimita 0.004. Mitawanyiko haijumlishwi moja kwa moja: hujumlishwa miraba yake, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Kwa vipande vinne mchepuko wa jumla ni mara mbili ya ule wa kipande kimoja, yaani 0.020 kwa kiwanda cha kwanza na 0.008 kwa cha pili. Kwa hiyo mpaka wa 0.04 uko michepuko miwili tu kutoka katikati kwa kiwanda cha kwanza, na michepuko mitano kwa cha pili. Kama vipimo vinafuata mgawanyo wa kawaida, wenye umbo la kengele, giaboksi zenye kasoro zitakuwa karibu 5 kati ya 100 kwa kiwanda cha kwanza. Kwa kiwanda cha pili hazifiki hata moja katika milioni. Mkaguzi anayepima kipande kimoja kimoja asingegundua kitu katika kiwanda chochote kati ya hivyo viwili.

Maarifa hayo hayakuzaliwa Japani. Chati ya kudhibiti mtawanyiko ilibuniwa mwaka 1924 na Mmarekani Walter Shewhart, na Mmarekani mwingine, W. Edwards Deming, alikwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha wahandisi na mameneja juu ya udhibiti huo. Wajapani walikuwa na lao pia: mwaka huo huo wa 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha kitanda cha kufumia nguo kilichosimama chenyewe uzi ulipokatika, ili kisiendelee kufuma nguo mbovu. Toyota ililihamishia wazo hilo kwenye magari: mfanyakazi aonapo kasoro huvuta kamba, na tatizo lisipotatuliwa mara moja mstari wa kuunganisha husimama mpaka chanzo kipatikane.

Je, mbinu hizo hufanya kazi mikononi mwa Wajapani pekee? Jaribio la swali hilo lilifanyika bila kukusudiwa. Kiwanda cha General Motors mjini Fremont, California, kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro, migomo na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni utaratibu wa kazi, na baada ya muda mfupi magari yake yalikaribiana kwa ubora na yale yaliyotoka Japani. Baadaye kiwanda hicho kilitoa Toyota Corolla na Geo Prizm, magari yaliyokuwa takriban pacha. Katika soko la magari yaliyotumika Prizm iliuzwa kwa bei ya chini. Wanunuzi walikuwa wakililipia jina!

Wakorea nao walipita njia hiyo kwa haraka. Hyundai Excel iliingia Marekani mwaka 1986, ikanunuliwa kwa wingi kwa urahisi wa bei yake, kisha ikawa kichekesho kwa kuharibika. Mwaka 1998 kampuni ilitangaza dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi, ahadi ambayo ingeifilisi kama isingebadili kazi ya viwandani. Katika uchunguzi wa siku 90 wa mwaka 2004, Hyundai ilihesabiwa matatizo 102 kwa kila magari 100, sawa na Honda, huku Toyota ikiwa na 101. Hata hivyo mwaka 2015 ililazimika kuyaita yarudi mamia ya maelfu ya magari huko Marekani, kwa sababu mabaki ya chuma yaliyoachwa ndani ya injini wakati wa kuchonga yaliweza kuziba njia za mafuta na kuua beringi za konrodi. Ubora ukipatikana haukai wenyewe.

Limebaki suala la mazingira, nalo latuhusu sana sisi tukaao karibu na Ikweta. Mwaka 2013 Volkswagen iliita magari milioni 1.6 duniani ili kubadilisha mafuta ya aina moja ya giaboksi, kwa kuwa mafuta ya awali yalileta matatizo ya umeme katika nchi zenye joto na unyevunyevu. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Kijapani Takata ilikuwa hatari zaidi, kwani kemikali iliyomo iliharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, ikaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Mifuko hiyo ilifungwa katika magari ya Honda, ya BMW, ya Ford na ya wengine wengi. Gari kama hilo lina uraia gani?

Niliieleza bodi yote haya, nadhani kwa urefu kupita kiasi. Nikawaambia kuwa, kwa maoni yangu, kwa gari la miaka minane swali la nchi linakuja nyuma ya maswali mengine: limetunzwaje, namba za fremu yake zimo katika orodha ya magari yaliyoitwa yarudi, na je, vipuri na fundi anayelijua wapo katika mji ulio karibu? Swali hilo la mwisho lina majibu mazuri zaidi kwa magari ya Japani, kwa sababu tu ni mengi. Dereva alitabasamu. Mzee mweka hazina akauliza kama daftari la matengenezo haliwezi kughushiwa, nami nikakiri kwamba laweza. Wakamteua yeye na dereva waende pamoja na fundi, wakaangalie magari matatu. Ninapoandika haya bado wanabishania bei ya mojawapo.

Zoezi kwa wanafunzi (tarakimu ni za mfano tu):

1. Mji una magari 800 ya aina A na 200 ya aina B. Kwa mwezi mmoja gereji zote zilipokea 48 ya aina A na 20 ya aina B. Tafuta uwiano wa kila aina. Umri wa wastani wa A ni miaka 9 na wa B ni miaka 14. Je, unaweza kusema A ni bora? Ni takwimu gani nyingine utakayoomba?

2. Mtambo una sehemu 250, kila moja ikiwa na uwezekano wa 0.999 wa kumaliza mwaka salama. Tafuta uwezekano wa mtambo mzima. (Jibu: takriban 0.78.)

3. Pima kwa rula urefu wa penseli mpya 20 za kiwanda kimoja na 20 za kingine. Chora mitawanyiko miwili katika grafu moja. Mwalimu awaulize wanafunzi kiwanda kipi wangekikabidhi kazi ya kutengeneza beringi.