Kupanda Ngong si Safari ya Kupunguza Sala



Muhula uliopita niliwasalisha wenzangu Adhuhuri kwenye kilele cha Lamwia, kisha sala ile ikabidi tuirudie. Kwa kuwa likizo imekaribia na wengi mnapanga kupanda, afadhali nieleze kosa lilikuwa wapi.

Lamwia ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika vilima vya Ngong, mita 2,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Namba hiyo isikutishe. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700, kwa hivyo hata asiye na mazoezi hupanda asubuhi na kurudi bwenini kabla ya Magharibi. Kuna miinuko kadhaa ya kupanda na kushuka, nasi tulifuata aliyosimulia Jabir (r.a.) katika Bukhari: takbira wakipanda, tasbihi wakiteremka. Ukiwa unahema, takbira hutoka fupi sana!

Saa saba mchana nikakimu. Upepo, jasho, mkoba mgongoni: nilijiona msafiri kamili, nikasalisha rakaa mbili. Baada ya salamu, mwenzetu mmoja ambaye kwao ni Puta, kando ya Ziwa Mweru huko Zambia, akaniuliza taratibu, "Akhi, sisi tumekuwa wasafiri tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Ngong iko kilomita kama 25 kutoka katikati ya jiji. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, ruhusa ya kupunguza huja kwa safari ya marhala mbili, na wanazuoni wengi wa leo hukadiria umbali huo kuwa kilomita 80 na zaidi. Kinachoangaliwa ni umbali, si uchovu. Anayepanda kilima cha nyumbani ni mkaazi, hata akifika juu akitambaa. Na huyo wa Puta, aliyetoka mbali kuliko sote? Naye pia ni mkaazi, kwa sababu amenuia kukaa Nairobi muhula mzima, na nia ya kukaa siku nne kamili hukata hukumu ya safari. Tukasimama tena, rakaa nne.

Yeye naye alikuwa na kosa lake, dogo. Alielekea kulia zaidi kuliko sisi, kama alivyozoea kwao. Kutoka Puta kibla huacha kaskazini kwa nyuzi karibu 20 kuelekea mashariki. Kutoka Ngong ni nyuzi 8 tu. Simu ikizima, jua la asubuhi likiwa kulia kwako, kaskazini iko mbele. Mchana usilitegemee hivi hivi, maana Juni hukaa upande wa kaskazini na Desemba kusini. Ila tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, na 16 Julai saa 6:27, kwa saa zetu, jua huwa juu ya Makka kabisa. Lielekee, umeelekea kibla.

Kuhusu udhu, wawili kati yetu walikuwa wamepiga viganja kwenye jiwe tupu wakasema ni tayamamu, na chupa za maji zimejaa mkobani. Kwa Shafi tayamamu hutaka udongo wenye vumbi, na hairuhusiwi maji yakiwapo, isipokuwa yanahitajika kwa kunywa. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Basi beba chupa moja ya ziada kwa ajili ya udhu tu, na uitie alama, la sivyo itanywewa kabla ya kilele cha tatu. Viatu vigumu vinavyofunika vifundo vya miguu, ukivivaa ukiwa na udhu kamili, mkaazi anaweza kupangusa juu yake kwa mchana na usiku mmoja. Raba fupi hazifai kwa hilo. Zangu zilikuwa fupi, nikazivua kwenye baridi ile na kuosha miguu.