Soma tarehe ya pakiti pamoja na neno lililo mbele yake

Wanunuzi wengi hugeuza pakiti, wakaona tarehe, wakaridhika. Tarehe peke yake haitoshi. Maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa mbele yake ndiyo yanayoeleza tarehe hiyo ni ya nini.

MFG au MFD ni siku bidhaa ilipotengenezwa. EXP ni mwisho wa muda wa matumizi. Kwenye chakula kuna mawili yanayochanganywa sana. "Use by" inahusu usalama, na huwekwa kwenye vyakula vinavyoharibika upesi kama nyama na samaki wa kupakiwa. Siku hiyo ikipita usile, hata kama harufu ni nzuri, kwa maana bakteria kama listeria wanaweza kuwemo bila kubadili harufu wala rangi. "Best before" inahusu ubora. Tambi au biskuti zikipita siku hiyo huenda zikapungua ladha, ila hazigeuki sumu kwa usiku mmoja. Lakini unga au karanga zenye ukungu zitupe bila kujali tarehe, kwa hofu ya sumukuvu.

Kwenye dawa usibahatishe. EXP 08/2027 maana yake dawa inatumika hadi siku ya mwisho ya Agosti 2027, basi. Na tarehe hiyo ni ya chupa ambayo haijafunguliwa na iliyotunzwa inavyotakiwa. Dawa ya unga ya watoto, kama amoksilini, ikishachanganywa na maji hudumu siku chache tu, kwa kawaida 7 hadi 14. Muulize mfamasia, kisha andika siku uliyoichanganya juu ya chupa. Dawa nyingi za matone ya macho hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa. Kwenye vipodozi, tafuta mchoro wa kopo lililo wazi: 12M ni miezi 12 tangu ulipofungua.

Angalia pia mpangilio wa namba. Kwenye bidhaa ya Marekani, 03/04/2027 ni tarehe 4 Machi. Kwenye ya Uingereza ni tarehe 3 Aprili.

Ukikuta tarehe imefutwa au imebandikwa juu ya nyingine, usinunue. Nchini Tanzania toa taarifa TBS kwa chakula na vipodozi, au TMDA kwa dawa.